Mpunguzieni Gachanja Sauti

Chai ya saa nne ilikuwa imeshamiminwa, na kwenye sahani yalikuwa yamebaki mandazi mawili, Gachanja alipoingia ofisini akiwa amevaa ile sweta ya kahawia aliyozikwa nayo. Alikung'uta viatu mlangoni kama alivyozoea, akapita nyuma ya viti vya wenzake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha zamani kando ya dirisha. Juu ya kiti kulikuwa na mkoba wa Nuradin. Aliuinua kwa adabu, akauweka sakafuni, akaketi.

"Niaje, Gachanja," Nuradin alisema, akauvuta mkoba wake karibu.

Gachanja aliweka mikono magotini, akatazama ukuta. Ndindi, aliyekuwa akipuliza chai yake, alimtazama kutoka juu hadi chini. Alikuwa amekonda kidogo, na kwenye kola ya sweta palikuwa na udongo mwekundu wa kwao Murang'a, kwa sababu siku ya mazishi mvua ilinyesha na wachimba kaburi walikuwa na haraka. Ndindi aliinuka, akatafuta kikombe kingine, akakisuuza, akammiminia chai. Mandazi mawili, watu wanne. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la asubuhi hiyo.

Mbugua, mwenye kampuni, alitoa kichwa kwenye kijichumba chake cha kioo. "Huyo naye amerudi lini?"

"Sasa hivi," Nuradin akasema.

"Kiti anacho?"

"Anacho."

"Basi sawa. Lakini mwambieni asiniletee udongo kwenye kibodi." Akafunga mlango.

Ofisi yenyewe iko mtaa wa Baba Dogo, juu ya kiwanda cha mabeseni ya plastiki, na mtu akishaizoea ile harufu ya plastiki moto hata harufu ya mvua humpita bila kuitambua. Kampuni ni ya watu watatu, wanne ukimhesabu marehemu, na kazi yake ni moja. Mbugua aliwauzia malandlodi, wenye nyumba za kupangisha mtaani Huruma, programu ya kugawa maji. Katika kila ploti iliyojiunga, jengo zima la wapangaji, kila mlango ulifungiwa koki inayotii kompyuta, na programu ndiyo inayoamua koki ipi ifunguke, saa ngapi, kwa muda gani. Hakuna mtu anayeiamulia. Kila asubuhi inatazama nani ametumia maji na nani hajatumia, inajiandikia amri mpya, inazikompaili yenyewe, yaani inazigeuza ziwe lugha ya mashine bila kungoja mkono wa binadamu, na koki zinatii.

Anayetumia sana anaongezewa, asiyetumia anapunguziwa. Ukisikia hivyo utasema ni haki tupu. Haya, ngoja kidogo. Maji ya Huruma yana tabia ya maji ya kila mahali, yanapenda kushuka. Ghorofa za chini yalifika kwa kishindo, kwa wenye saluni na wenye kuosha magari. Ghorofa za kati yalifika yakiwa yamechoka. Ghorofa ya juu kabisa yalifika mara chache, na mengine yaliishia njiani. Sasa, mtu asiyefikiwa na maji atayatumiaje? Hakutumia. Kwa kuwa hakutumia, programu ikampunguzia, na alipopunguziwa akazidi kutotumia, na programu ikamwona kabisa kwamba huyu hana haja na maji. Mashine haina roho mbaya. Haina roho yoyote.

Jambo hilo lilianza wakati Gachanja yu hai, lakini halikuwa na jina la mtu, na Gachanja hakupenda kitu kisicho na jina la mtu. Yeye ndiye aliyechagua ile karakana yao. Karakana ndivyo wanavyoiita programu ile kubwa ambamo programu nyingine huandikwa na kurekebishwa, na hiyo yao ni ya kizamani, ina ukaidi mmoja usioponyeka. Haikubali badiliko lolote bila mwenyewe. Ukibadilisha hata nukta, kidirisha kinafunguka katikati ya skrini na kengele inalia, kinauliza: Nani amebadilisha? Unaandika jina lako, kazi inaendelea.

"Kitu kimebadilika na hakuna aliyekibadilisha," Gachanja alikuwa akimwambia Ndindi, "hicho ni cha kuogopwa kuliko mwizi." Alimfundisha kazi hiyo bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa Kaloleni, kompyuta moja na viti viwili, watoto wakicheza mpira nje na mara nyingine ndani. Kila anachokijua Ndindi alijifunzia hapo.

Kisha Gachanja akaugua kifua, akafa, akazikwa kwao. Programu ikaendelea kujibadilisha kila asubuhi na kidirisha kikaendelea kuuliza nani. Kengele, kengele, kengele. Hakuna aliyekuwa amebadilisha, lakini mtu lazima aandike jina, vinginevyo kazi inasimama. Nuradin alikataa katakata. Yeye ndiye aliyepokea simu za wapangaji, na alisema hawezi kutukanwa kwa simu na bado awe ameweka jina lake kwenye tusi lenyewe. Mbugua alisema yeye ni mkurugenzi. Ikabaki kwa Ndindi, asubuhi nzima anaandika Ndindi, Ndindi, Ndindi, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa.

Siku moja alichoka. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba jina la marehemu halifutwi kwenye karakana. Ukilifuta, kila alichoandika kinabaki yatima na hakuna kitakachofunguka. Kwa hiyo jina la Gachanja lilikuwa bado limo, zima kabisa, na halikuwa na kazi. Ndindi aliingia kwenye mipangilio, pale panapoulizwa mabadiliko ya mashine yaandikwe kwa jina la nani, akaandika Gachanja. Chini yake karakana ikauliza yaandikwe vipi, ikampa ngazi tatu: Kelele, Mnong'ono, Kimya. Akachagua Kimya. Kengele ikakoma, kidirisha kikatoweka, na ofisi nzima ikashusha pumzi.

"Umefanyaje?" Nuradin aliuliza.

"Nimempa Gachanja. Yeye hana makuu, hawezi kulalamika."

Nuradin aligeuza kiti. "Ndindi, maiti ana haki yake. Mwacheni mtu alale."

"Ni jina tu, Nura. Wacha hizo."

Kesho yake, saa ya chai, Gachanja akaingia.

Tangu hapo alikuja kila siku ya kazi, na hata Jumamosi, kwa sababu watu wa Huruma huoga hata Jumamosi, au wangependa. Wafanyakazi wa kiwandani walimsalimu kwenye ngazi. Hakula wala hakunywa, lakini ilikuwa aibu kumimina chai na kumruka mtu, basi alimiminiwa, na ikipoa Nuradin aliinywa. Aliketi wima, mikono magotini, akitazama ukuta. Midomo yake ilicheza mfululizo bila sauti.

"Anaomba," Mbugua alisema. "Alikuwa mtu wa kanisa sana."

Ndindi alimtazama zaidi ya hapo. Kwenye skrini yake kulikuwa na ramani ya milango, na kila koki ilipopewa amri mpya, kitaa kidogo kilibadilika rangi. Kitaa kikibadilika, mdomo wa Gachanja unafunguka. Kitaa kikitulia, unafungika. Hakuwa akiomba. Alikuwa kazini. Kila badiliko lilitaka mwenyewe, mwenyewe alikuwa yeye, na alilitaja kama alivyoagizwa, kwa Kimya. Ndindi alielewa hayo yote akiwa na kikombe mkononi, akamaliza chai yake, akaenda kukiosha.

Huenda mambo yangebaki hivyo. Lakini ghorofa za juu Huruma zilianza kupiga kelele, na mmoja wa malandlodi, kwa kuwa wapangaji walimfuata mpaka kanisani, alitaka kujua nani anayebana maji. Mbugua hakusita. Aliiuliza karakana, karakana ikajibu kwa ukweli wake wote, na jibu likapelekwa Huruma kwa Mativo, msimamizi wa ploti, naye akasimama uani karibu na matangi makavu akawatangazia watu: amebadilisha Gachanja. Hili, amebadilisha Gachanja. Na hili, Gachanja.

Mke wa Gachanja alikuwa amesimama hapo hapo na mtungi wake. Anakaa ghorofa ya sita ya ploti hiyo hiyo, mlango wa ishirini na tisa, na binti yake Kate aliye darasa la saba. Pale kila mtu anamwita Mama Kate, mwalimu wa shule anamwita Mama Kate, hata kasisi. Jina lake mwenyewe, Wangeci, lilikuwa limebaki kinywani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo akazikwa nalo.

"Kumbe ni mzee wako anatukausha," jirani mmoja akamwambia.

"Mzee wangu amekufa. Si ulikula wali wa matanga?"

"Basi kama yuko huko juu, si angalau atufungulie mvua."

Watu wakacheka, cheko la kiu. Kuanzia siku hiyo, foleni ya mkokoteni wa maji ilipofika kwake, mwenye mkokoteni aligundua mitungi imeisha. Kate aliulizwa shuleni kama baba yake ni shetani. Mama Kate alivumilia alivyoweza, kisha akauchukua mtungi wake wa njano, mtupu, akaenda Baba Dogo kwa miguu ili aambiwe jambo hilo uso kwa uso.

Alimkuta mumewe kitini.

Hakupiga kelele. Aliweka mtungi chini, akamtazama kwa makini, jinsi mtu anavyokagua nguo iliyorudi kutoka kwa fundi. Akalowesha kidole kwa mate, akaanza kumfuta udongo kwenye kola.

"Kumbe kazini unaweza kurudi," alisema. "Ni nyumbani tu ndiko huwezi."

Midomo ya Gachanja ikacheza.

"Ananiambia nini?" Mama Kate alimgeukia Ndindi.

"Hakuambii wewe, Mama Kate. Anataja mabadiliko ya maji."

"Mbona simsikii?"

"Amewekwa Kimya."

"Amewekwa na nani?"

Ndindi aliangalia kibodi. "Ni mpangilio tu," alisema.

"Nani amempanga, nimekuuliza? Ndindi, huyu mtu alikufunza. Jumamosi zake zote alikupa wewe, mimi nikimngoja na chakula kinapoa. Na leo nasimangwa na ploti nzima kwa jina lake. Basi kama ndiye aliyetukatia maji, nataka aniambie mwenyewe. Mpandishie sauti."

Aibu ilimpanda Ndindi mpaka masikioni. Alifungua mipangilio, akaitoa alama kwenye Kimya, akaiweka kwenye Kelele.

Sauti ikamtoka Gachanja ghafla, ikajaa chumba, ile ile aliyokuwa akisomea matangazo kanisani Jumapili, nzito, yenye subira, kila neno limepigwa pasi.

"Mlango wa tatu, ghorofa ya chini: umeongezewa. Sababu: unatumia. Amebadilisha Gachanja. Mlango wa ishirini na nne, ghorofa ya tano: umepunguziwa. Sababu: hautumii. Amebadilisha Gachanja. Nahashon Kimeu, mlango wa thelathini na moja, ghorofa ya sita: umefutwa. Sababu: hautumiki. Amebadilisha Gachanja."

"Mzee Nahashon?" Mama Kate alisema. "Mzee Nahashon hajahama. Yuko. Ni vile anaenda kuoga kwa dada yake Kariobangi."

"Basi mtambo umeona mlango wake hautumiki," Ndindi akasema. "Ikifika hapo mtambo unaufuta. Hautafunguliwa tena."

"Na mbona yeye ametajwa jina? Hao wengine ni nambari tu."

"Ndivyo karakana inavyotaka. Kupunguza ni nambari. Kufuta mlango kunataka jina kamili la mpangaji, mara hiyo moja, halafu basi."

Mama Kate alimgeukia tena mumewe. Gachanja akaendelea.

"Mlango wa ishirini na tisa, ghorofa ya sita: umepunguziwa. Sababu: hautumii. Amebadilisha Gachanja."

"Hiyo ni nyumba yako!" Mama Kate alimshika bega. "Baba Kate, ni nyumba yako hiyo! Hatutumii kwa sababu hayaji. Nitatumia nini, hewa?"

"Umepunguziwa. Sababu: hautumii. Amebadilisha Gachanja."

"Haya, punguza. Punguza yote. Lakini niite jina. Si ulikuwa unaniita? Sema Wangeci, mara moja tu, niende zangu."

Alimsubiri. Gachanja alitaja mlango wa pili, wa nane, wa kumi na tano. Alitaja kila mlango, na Wangeci hakumtaja. Mama Kate aliketi sakafuni kando ya mtungi wake, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, na Nuradin akamletea chai ile ya Gachanja kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tayari.

Ilikuwa bahati mbaya kwamba siku hiyo hiyo Mbugua alikuwa na wageni, malandlodi wawili waliokuja kuona kama wajiunge. Walipanda ngazi wakiwa wamevaa suti, wakamkuta marehemu akitangaza. Wakasimama wakisikiliza. Marehemu hakuwasumbua, kila mtu ana marehemu wake, lakini matangazo yaliwasumbua sana.

"Huyu anatangaza ya nani?" mmoja aliuliza.

"Ya ploti moja tu, mzee," Mbugua akasema, akitoka mbio kwenye kijichumba chake. "Ni majaribio."

"Anasema nani anapata na nani hapati."

"Ndiyo."

"Maneno ya maji hayasemwi kwa sauti, kijana. Watu watagombana."

"Mpunguzieni sauti!" Mbugua alifoka. "Ndindi! Mpunguzieni Gachanja sauti!"

Ndindi alimpunguzia. Mdomo ukaendelea kucheza, na wageni wakapelekwa kuona ramani ya milango, wakazisifu rangi zake.

Walipoondoka, Ndindi aliingia kwenye kijichumba cha Mbugua bila kubisha. Alimwambia kwamba kosa liko kwenye amri mama, ile inayodhani asiyetumia hana haja. Alisema anaweza kuirekebisha kabla ya jioni.

"Irekebishe iwe vipi?"

"Aliye juu aanze kupata. Halafu tushuke."

Mbugua alimtazama kama mtu anayesikitika. "Dadangu, wenye saluni wako wapi? Chini. Wenye kuosha magari? Chini. Landlodi anafurahi na nani? Hii programu haina kosa. Inasoma matumizi. Mimi sijamkatia mtu maji, wewe hujamkatia, Nuradin hajamkatia."

"Anasemwa Gachanja."

"Gachanja ataumia wapi?"

"Mke wake anaumia. Na yeye mwenyewe hapumziki. Nataka kumtoa jina."

"Mtoe," Mbugua alisema, akirudia simu yake. "Weka lako."

Ndindi alirudi kwenye meza yake. Mama Kate alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba. Ndindi alifungua mipangilio, akalifuta jina la Gachanja, herufi moja baada ya nyingine, mpaka kisanduku kikabaki kitupu. Midomo ya Gachanja ikasimama. Mabega yakalegea. Alikunja mikono juu ya meza, akalaza kichwa juu yake, macho yakafumba, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake baada ya safari. Mama Kate aliinua uso, akaliona hilo.

Kisanduku kikauliza: Nani?

Ndindi akaanza. Akaandika N, akaandika d, akaandika i. Midomo yake mwenyewe ikajikusanya bila ruhusa yake, ikataka kutamka nambari ya mlango asioujua, na ulimini akapata ladha ya udongo mbichi. Akasimamisha vidole. Alifikiria mama yake Kaloleni, anayewaambia majirani mwanangu anafanya kazi ya kompyuta. Alifikiria Mativo akisimama uani na kusema amebadilisha Ndindi. Ndindi si mtu mbaya, na anayemjua atakwambia hivyo. Lakini ubaya mwingi wa dunia hii umefanywa na watu wasio wabaya waliokuwa na mama wa kumtunzia heshima. Alizifuta zile herufi tatu.

Akaandika Gachanja.

Gachanja aliinua kichwa mezani. Alikuwa na alama ya sweta shavuni. Akakaa wima, akaweka mikono magotini, akaanza.

Mama Kate alikuwa akimtazama Ndindi. Ndindi alingoja matusi, na angeyapokea, lakini mwanamke yule alijifuta pua kwa leso na kusema, "Hata hivyo, usimweke Kimya. Niachie kasauti kidogo."

Ndivyo walivyofikia Mnong'ono. Mbugua mwenyewe aliusifu uamuzi huo. Alisema ni wa busara, kwamba sasa hakuna atakayedai mambo yamefichwa, na hakuna atakayesumbuliwa. Mtu akitaka kujua, sikio si analo? Aje ainame. Aliwaandikia malandlodi kwamba kila badiliko linawekwa kumbukumbu na kutamkwa. Mashine za kiwandani zinanguruma chini ya sakafu kutwa nzima, na mnong'ono wa Gachanja hauvuki meza yake.

Mama Kate sasa anakuja kila siku. Amepewa stuli. Anafika na mtungi wake wa njano, anasalimu kila mtu, anaketi, anaegemeza sikio kwenye mdomo wa mumewe na kufumba macho. Anasikiliza milango yote, ya chini na ya juu. Anasema sauti ni sauti. Anasema bora mtu anayekukatia maji unamsikia, kuliko yule aliyelala kimya Murang'a. Nuradin amegeuza meza yake ili asiwaone, na kila Ijumaa akitoka msikitini anasema mtajibu, nyinyi mtajibu, halafu anaketi kupokea simu.

Akimaliza kusikiliza, Mama Kate anajaza mtungi kwenye mfereji wa ngazi, bomba lililo chini kidogo ya mlango wa ofisi. Mfereji huo ni wa kiwanda na hautoki kwenye programu ya mtu yeyote, lakini unafuata kanuni ile ile: kiwanda kinatumia maji mengi sana, kwa hiyo kinaletewa mengi sana. Unatoa maji kutwa nzima, kwa nguvu, hata ukifungwa unadondosha. Mtungi mmoja unamtosha yeye na Kate mpaka kesho, wakioga kwa zamu.

Ndindi ndiye aliyeona mambo yanakoelekea, kwa kuwa ramani ilikuwa mbele yake. Koki ya mlango wa ishirini na tisa haikuwa ikifunguliwa hata kwa bahati. Kwa nini Mama Kate aifungue? Maji alikuwa akiyapata ngazini. Kitaa chake kilififia kutoka kijani hadi manjano, kutoka manjano hadi kijivu.

"Mama Kate," alimwambia siku moja akimsindikiza, "usichote hapa kila siku. Jaribu kufungua mfereji wa nyumbani."

"Huo wa nyumbani una maji?"

"Hauna. Lakini ukichota hapa, mtambo unaona huhitaji."

"Na nisipochota hapa, Kate anywe nini?"

Ndindi alimshikia mtungi akimfungia kifuniko.

Wiki iliyofuata, chai ikiwa mezani, Mama Kate alikuwa kwenye stuli yake kama kawaida, sikio kwenye mdomo wa Gachanja. Kwenye skrini ya Ndindi kitaa kimoja cha ghorofa ya sita kikazima. Mama Kate alifumbua macho, akajinyoosha taratibu, mkono kifuani.

"Umesikia?" alisema.

"Nini, Mama Kate?"

"Ameniita." Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Ndindi hakuwahi kumwona hivyo tangu amfahamu. "Ameniita jina langu. Lote. Wangeci Gachanja. Na si kwa sauti ya matangazo, kwa ile sauti yake ya nyumbani. Wangeci Gachanja, hivyo. Umemsikia?"

Nuradin alikuwa ameacha kunywa. Ndindi aliitazama skrini, kisha akamtazama yule mwanamke, na maneno yaliyokuwa yanafuata jina hilo, yale yale yaliyofuata la Mzee Nahashon, yalikuwa yameandikwa mbele yake waziwazi.

"Nimemsikia," alisema.

"Na kesho atasema tena?"

"Kesho ana milango mingine."

"Si kitu. Ameshasema." Mama Kate alimfuta mumewe kola, ijapokuwa udongo ulishatoka zamani, akaushika mtungi wake. Mlangoni aligeuka. "Msimpunguzie zaidi ya hapo," aliomba. "Hapo alipo panatosha."

"Hatutampunguzia."

Alishuka, na mfereji wa ngazi ukasikika ukijaza mtungi. Ndindi akachukua kikombe kilichokuwa kimepoa, akakipeleka kwa Nuradin. Gachanja alikuwa ameshafika mlango wa thelathini.